Uvumi unaongea Kiswahili, elimu ya afya inaongea Kiingereza

Vijana wenzangu wa Kimaka, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, leo nataka tuongee juu ya elimu ya afya kwenye shule za sekondari. Sisemi kwamba haipo. Ipo. Mwanafunzi anayependa Biolojia hapa Jinja anaweza kukuchorea safari nzima ya mdudu wa bilharzia: yai, maji, konokono, ngozi ya mtu, ini. Atakuwekea mishale na atapata alama zake zote. Halafu ikifika saa kumi jioni anarudi nyumbani, mfereji hauna maji, anachukua jerikani na kuteremka mtoni pamoja na mdogo wake. Mama yake hajawahi kusikia habari ya konokono hata siku moja.

Shida iko hapo. Tunafundishwa afya kama kitu cha mtihani, kwa lugha ambayo haifiki nyumbani. Kwa sisi wakimbizi, mwanafunzi wa sekondari ndiye mara nyingi mtu pekee wa nyumba anayesoma karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye kituo cha afya. Kama elimu haitoki kwake kwenda kwa mama, kwa bibi na kwa wadogo, basi imesimama mlangoni.

Hebu tuangalie siku ya kawaida. Nyumbani wengi wetu tunaongea Kiswahili, na wengine Kibembe, Kifuliiru, Kishi au Kinyamulenge. Darasani ni Kiingereza. Kwenye kituo cha afya muuguzi anaanza kwa Kiingereza, akiona hueleweki anaenda Kiganda au Kisoga. Redio ya mtaani ni Kisoga. Sasa habari za uongo zinatoka wapi? Zinakuja kwenye simu ya mama, kwa sauti, kwa Kiswahili safi kabisa, tena kutoka kwa mtu anayemwamini: dada wa kanisani, shemeji aliye Bukavu, jirani wa zamani aliyeko Nakivale. Eti chanjo ya wasichana inafunga kizazi. Eti vidonge vya minyoo wanavyogawa shuleni ni vya kupunguza watu. Uvumi unaingia na kukaa kwenye kiti. Ukweli unabaki nje umeshika karatasi ya Kiingereza.

Chukua hiyo chanjo ya wasichana. Uganda ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2015, kwa wasichana wa miaka 10. Inakinga virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Inatolewa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na virusi hivyo. Maelezo haya ni sentensi tatu tu, na mama yeyote akiambiwa kwa lugha yake na mtu anayeweza kumjibu maswali yake, ataelewa. Lakini akisikia tu kwamba "watoto wa kike wamechomwa sindano shuleni," bila zaidi, mnategemea awaze nini? Mtu aliyekimbia vita amejifunza kuogopa kitu anachofanyiwa bila kuelezwa. Msimwite mjinga.

Nirudi kwenye bilharzia, maana ndiyo ya kwetu hapa. Tunakaa karibu na Nile na Ziwa Victoria. Watalii wanaokuja Jinja kushindana na mawimbi ya mto wakirudi makwao wanaambiwa na madaktari wao wapimwe au wameze dawa. Sisi tunaooga, tunaofua, tunaovua samaki na kuteka maji mwaka mzima, tumeambiwa na nani, na kwa lugha gani?

Kuna tatizo lingine ambalo mtu hawezi kuliona mpaka ajaribu kutafsiri. Ukitafuta bilharzia kwenye kamusi ya Kiswahili utapata "kichocho." Sawa. Lakini neno kichocho, kwa mtu aliyelizoea, linaenda moja kwa moja na damu kwenye mkojo. Ndiyo aina inayojulikana sana pwani na Zanzibar, ambayo inakaa kwenye mishipa ya kibofu. Aina ya hapa Ziwa Victoria ni nyingine. Inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yake yanatokea kwenye choo kikubwa, na mengine yanabaki ndani yanaharibu ini. Dalili zake ni tumbo kuuma, kuhara, pengine damu kwenye choo. Ikikaa miaka mingi bila dawa, tumbo linavimba na mtu anaweza kutapika damu.

Sasa fikiria bango lililotafsiriwa na mtu wa ofisini: "Jikinge na kichocho." Baba analisoma, anaangalia mkojo wake, hauna damu, anasema asante Mungu mimi mzima. Tafsiri haina kosa hata la herufi moja, na bado imempoteza mtu. Kama lile bango lingepita kwanza mbele ya wanafunzi watano wa Senior 3, wawili kutoka Uvira, mmoja kutoka Goma na wawili wa hapa hapa, wangeuliza: kichocho kipi? Cha mkojo au cha tumbo? Na bango lingeandikwa "kichocho cha tumbo," likataja choo na ini, likaokoa mtu.

Mfano mwingine ni ugonjwa wa damu ambao chembe zake zinajikunja kama mundu. Kwenye vitabu vya Tanzania wanauita selimundu. Mama wa Kivu ukimwambia selimundu atakuangalia tu. Ukimwambia "ugonjwa wa SS," anaweza kumkumbuka mtoto wa jirani aliyekuwa anaumwa mifupa kila mara. Uganda ilipima damu ya karibu watoto 100,000 mwaka 2014 na 2015, ikakuta zaidi ya 13 katika kila 100 wamebeba chembe hiyo bila kuugua, na Busoga ni moja ya sehemu zenye wengi. Wazazi wawili wote wakiwa wameibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Hii ni hesabu ambayo kijana wa sekondari anapaswa kuijua kabla ya kuchumbia, na mzazi anapaswa kuijua ili asimlaumu mkwe wala kumtafuta mchawi. Lakini bila jina linaloeleweka, hesabu yote ni bure.

Najua mtu atasema: lugha si kila kitu. Ni kweli, na mfano mzuri uko Tanzania, ambako karibu kila mtu anaongea Kiswahili. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, serikali ilikuwa inawapa wanafunzi dawa za kichocho na za minyoo mashuleni. Zikazuka vurugu. Wazazi walipandwa na hasira, fujo zikaenea shule hadi shule, mpaka wizara ya afya ikasimamisha zoezi. Dawa zilikuwa za kweli, na lugha ilikuwa moja. Kilichokosekana ni mazungumzo kati ya waliopanga zoezi na watu ambao watoto wao walipaswa kumeza dawa.

Tujifunze kitu hapo. Prazikwanteli, dawa ya bilharzia, inaweza kumletea mtu kichefuchefu, tumbo kuuma na kizunguzungu, hasa kama ana minyoo mingi au ameimeza bila kula. Inapita baada ya muda mfupi. Kama mama ameambiwa jana, "kesho mtoto ale kwanza kabla ya kuja shuleni, na akirudi anaumwa tumbo usiogope," basi mtoto akitapika mama anajua kwa nini. Kama hajaambiwa, anaona mtoto wake amelishwa sumu. Dawa ni ile ile moja. Tofauti ni maneno yaliyosemwa jana yake.

Kwa hiyo ninaposema Kiswahili, sisemi tafsiri ya karatasi peke yake. Nasema lugha ambayo mtu anaweza kuuliza swali ndani yake na kujibiwa. Karatasi haijibu. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri anaweza kujibu.

Lakini hapa tuwe waangalifu, maana mwanafunzi huyu tayari tumembebesha mzigo usio wake. Wengi mnajua ninachosema. Mama anaumwa, haongei Kiingereza, haongei Kiganda. Anamchukua binti yake wa miaka 14, anamtoa shuleni siku hiyo, wanaenda pamoja. Muuguzi anauliza juu ya hedhi, juu ya mimba iliyotoka, juu ya baba na wanawake wengine, juu ya mambo yaliyompata njiani wakati wa kukimbia. Binti anapaswa kumuuliza mama yake maneno hayo, na kisha kuyasema kwa mtu mgeni. Mama anaficha kwa sababu ya mtoto. Mtoto anaruka maneno kwa sababu ya aibu, au kwa sababu hayajui kwa Kiingereza. Muuguzi anaandika alichosikia. Dawa inatolewa kwa ugonjwa wa nusu hadithi.

Hakuna mtu mbaya kwenye chumba kile. Lakini si sawa. Mtoto kumwambia mama yake kwamba maji ya ziwa yana mdudu, hiyo ni elimu. Mtoto kutafsiri siri za mwili wa mama yake, hapo mtu mzima mwenye kazi yake amekosekana. Nawaomba wafanyakazi wa mashirika msichanganye vitu hivi viwili. Msije mkasema, "vijana wao wanasaidia sana kutafsiri," mkaandika kwenye ripoti kama mafanikio.

Sasa tufanye nini? Mimi naona mlango mmoja uko wazi, na hatuutumii.

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likasema tena kwamba kifundishwe kwa lazima mashuleni. Na mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umekiweka kati ya masomo ya lazima Senior 1 na Senior 2. Mtaala huo huo unataka wanafunzi wafanye kazi za mradi, watatue tatizo la mtaani kwao, wasikariri tu. Basi si tuviunganishe? Somo la Kiswahili linatafuta kitu cha kuongea. Afya inatafuta lugha ya kufika nyumbani.

Badala ya mwanafunzi kuandika insha ya nne juu ya "Rafiki yangu," apewe kazi hii: mweleze mtu mzima wa nyumbani kwako jinsi bilharzia inavyoingia mwilini, bila kutumia neno moja la Kiingereza. Kisha mwombe akueleze yeye alivyoelewa. Andika maswali aliyokuuliza, ulete darasani. Yale maswali ambayo hakuna aliyeweza kuyajibu, mwalimu wa Biolojia ayajibu, au aitwe mtu wa kituo cha afya. Wiki inayofuata mwanafunzi arudishe majibu nyumbani. Kazi hii haihitaji mradi mkubwa wala semina ya hotelini. Inahitaji walimu wawili wakubaliane, daftari na kalamu.

Na angalieni nani atakuwa fundi wa kazi hiyo. Ni yule mtoto wa Kikongo anayekaa nyuma darasani kimya, kwa sababu Kiingereza chake bado kinachechemea, aliyerudishwa madarasa mawili alipofika kwa sababu alisoma kwa Kifaransa. Kwenye somo la Kiswahili yeye ndiye mwenye maneno. Wenzake wa hapa wengi wamezoea kuona Kiswahili ni lugha ya askari. Hata hapa Kimaka, kwa sababu ya chuo cha jeshi, wengi wanapokisikia wanafikiria magwanda. Wakiona kinaweza kumfundisha mama jinsi ya kumkinga mtoto, watakiona kwa jicho lingine, na watamwona yule mwenzao kwa jicho lingine pia.

Najua kuna vikwazo. Walimu wa Kiswahili ni wachache, na baadhi ya shule zina jina la somo kwenye ratiba tu. Sawa, vikundi vya vijana kama hiki chetu vinaweza kusaidia, mwalimu akitufungulia mlango. Pia si kila mkimbizi anaongea Kiswahili. Wasomali, Waeritrea na Wasudani Kusini wana lugha zao, na kazi hii hii inaweza kufanywa kwa lugha hizo. Na Msoga aulize nyumbani kwa Kisoga, maana ini lake na letu linaliwa na mdudu mmoja. Wengine watasema mkimbizi ajifunze Kiingereza na Kiganda, amekuja Uganda. Nakubali, na tunajifunza. Lakini mdudu hasubiri mama amalize kozi ya lugha. Anapita kwenye ngozi kwa dakika chache.

Tukiwa bado tunasubiri hayo, haya unaweza kuyabeba nyumbani leo, kwa maneno yako mwenyewe:

Maji ya ziwa au mto yakiwekwa kwenye chombo siku mbili bila kuguswa, bila konokono ndani, yule mdudu anakufa, na unaweza kuogea. Ya kunywa bado yachemshwe. Kama huna namna, epuka kuingia majini kuanzia asubuhi ya saa nne mpaka alasiri, kwa sababu jua likiwa kali ndipo konokono wanatoa wadudu wengi. Lakini usijidanganye kwamba saa nyingine hakuna hatari. Kujisaidia karibu na maji ndiyo kunampa mdudu safari mpya, hata kama wewe hujisikii mgonjwa. Dawa inaua minyoo mikubwa iliyo mwilini leo, haikukingi kesho, kwa hiyo ukirudi majini unaweza kuipata tena. Na ugonjwa huu si wa wanafunzi peke yao. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba penye ugonjwa mwingi dawa itolewe kuanzia watoto wa miaka 2, pamoja na watu wazima. Mama anayefua kila siku ziwani asiseme dawa ni ya watoto wa shule. Aende aulize kwenye kituo cha serikali, na mkimbizi ana haki ya kuuliza pale kama mwenyeji.

Ukiulizwa swali usilolijua, sema "sijui, nitauliza." Neno hilo dogo ndilo linalotutofautisha na wale wanaotuma sauti za WhatsApp. Wao hawajawahi kusema hawajui.

Kwa ndugu wa mashirika nina maombi matatu. Kabla ya kuchapisha karatasi ya Kiswahili, leteni kwetu tuisome kwa sauti mbele ya mama zetu, mkae hapo hapo muone wanapokunja uso. Lipeni watu wazima wa kutafsiri kwenye vituo vya afya, mwanamke kwa wanawake, hata kama ni siku mbili tu kwa wiki zinazojulikana na wote. Na mnapokuja shuleni kufundisha afya, acheni maswali ya "ndiyo teacher." Waulizeni wanafunzi: nyumbani kwenu wanasema nini juu ya dawa hii? Mtasikia uvumi wote, na mtajua pa kuanzia.

Na kwako mwanafunzi: usiache daftari lako la Biolojia lifungwe siku ya mtihani. Una wasikilizaji ambao hakuna daktari wala waziri anayeweza kuwafikia. Wako jikoni, wanapepeta mchele, na jerikani tupu iko karibu na mlango. Leo jioni, kabla hujaibeba, waambie kuhusu konokono.